Barua kwa Fundi wa Salem

Nimeifungua saa yako, fundi,
leo Jumatano, Mkunazini, umeme umekatika.
Chini, mchwa wamekula msonobari wa kwenu,
hawakugusa kiraka cha mvule
alichotia mtu wa hapa.

Usoni jina lako limefutika kwa vitambaa vya kila Ijumaa.
Limebaki neno moja: Salem.
Bi Mwanashehe, mwenye saa, hadi leo anashikilia
kuwa aliyeitengeneza ni Mhadhrami,
Salem bin nani, amesahau.
Sikumbishia.
Kitu ukikipenda hukitafutia ukoo.

Uliileta ikiianza siku usiku wa manane,
saa ya wezi na paka.
Aliyeipokea akangoja adhana ya magharibi,
akaisukuma mishale hadi kumi na mbili,
akaisilimisha bila ya shahada.

Na ule mwezi ulioupaka mashavu mekundu
unazunguka siku ishirini na tisa na nusu.
Hiyo nusu ndiyo iliyotugombanisha.
Watoto walishangilia Idi ya sandukuni,
wakubwa wakapanda darini kutafuta wa kweli.
Mwezi wa rangi hauandami.

Ndani ya mlango, kwa penseli, waliopita wamejiandika:
*Abdulhusein, 1329. Kamba mpya.*
*Haji Vuai, 1357. Jino moja, shaba ya sarafu.*
Halafu miaka mingi hakuna neno.
Nyumba ilibadili wenyewe,
saa ikasimama saa nne na robo
na hakuna aliyeiuliza imeona nini.

Nikapangusa ubao kwa spiriti kidogo,
ndipo ikanijia harufu.
Sandarusi, fundi!
Iliyochimbwa Mrima, ikapimwa forodhani kwetu,
ikaenda kwenu ndani ya makasha;
umeirudisha imekauka juu ya mbao zako, inang'aa,
nasi tukainunua mara ya pili
kwa pembe.

Sina kesi nawe.
Meno ya magurudumu umeyakata kwa mkono,
moja limekwenda upande,
na kwa hilo moja ndiyo nimekujua.

Nimetia langu chini ya Haji:
*Rukia binti Makame. Mvule, mafuta, kamba.*
Umeme umerudi, feni imeanza kulalamika.
Timazi bado nimeishika mkononi, nzito, baridi.
Sijaiachia.
Nasubiri magharibi.