Futi Tisa

Sukumaran alijaza maji mpira wa bustani,
ncha moja akaniachia mimi huku juu, kando ya barabara,
nyingine akaifunga kwenye mwanzi, akateremka nayo
katikati ya iliki, mpaka nikaona kilemba tu,
kisha nikasikia sauti tu:
"Usitikise, mama! Maji hayapendi mzaha."
Maji yakatulia.
Futi tisa na inchi mbili
kati ya kizingiti tunachokitaka
na ardhi tuliyonayo.

Varkey hupiga simu kutoka Doha saa nne usiku,
nyuma yake mashine zinakoroma.
Yeye anataka kifusi.
"Mwaga, shindilia, nyumba isimame sawa na lami,
anayepita aione."
Anayepita ni nani, Varkey?
Basi la Kattappana mara mbili kwa siku,
na mwuza samaki na honi yake.

Malori mia na arobaini. Nimehesabu, nikahesabu tena.
Nikamwuliza dereva udongo anautoa wapi.
Hakunijibu kwa mdomo, alinyoosha kidevu
ng'ambo, kwenye kilima cha kina Pappachan,
kilichoumwa kama mkate mkononi mwa mtoto,
mizizi ya mfenesi ikining'inia hewani
ikitafuta pa kushika.

"Kifusi ni mgeni," akasema Sukumaran,
"mpe masika mawili ajifunze kukaa."
Hakumtaja Thressia. Hakuna anayemtaja.
Nyumba yake ilikaa juu ya kifusi cha mwaka mmoja,
na usiku ule wa Agosti iliondoka nzima nzima,
ikashuka bondeni taa zikiwaka.

Basi tuchimbe, nikasema. Tuingie ndani ya mlima.
Akaja mhandisi kijana, viatu vyeupe,
akachora orofa ya chini: ukuta wa zege, mtaro nyuma yake,
lami ya kuzuia unyevu, gari hapa, ghala la pilipili manga pale,
na chumba kimoja kwa ajili ya Ammachi, "kina ubaridi mzuri."
Mama mkwe akaikodolea macho ile karatasi,
akatema tambuu.
"Kuzimu nitakwenda, mwanangu, zamu yangu ikifika.
Msinijengee ngazi."

Wiki mbili hatukusemeshana ila juu ya chumvi.

Husemwa kwenye miti hakuna wajenzi.
Kwenye kilima wajenzi ni tele, kila mmoja na timazi yake:
padre alisema tujaze, fundi bomba akasema tuchimbe,
shemeji akasema tuuze.
Mimi nilichukua jembe.
Futi tatu, udongo mwekundu, laini kama unga wa mdalasini;
ya nne, jembe likalia, mkono ukafa ganzi hadi begani.
Mwamba.
Nikakaa shimoni nikacheka peke yangu.

Nilipoinuka Ammachi hakuwepo kibarazani.
Nilimkuta kule chini, ndani ya uzi wa Sukumaran,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
katika chumba ambacho hakijajengwa.
Nyuma yake, mlima.
Mbele yake hapakuwa na ukuta wala ngazi:
mipilipili, mbuzi, bonde zima,
na jua la asubuhi likimpanda magotini,
magoti yale yasiyopanda tena kwenda kanisani.
"Huyu kijana hakuniambia," akasema,
"kwamba huku chini kuna mlango."

Kwenye ardhi tambarare, chini ni chini.
Hapa chini ina uso, nao unatazama mashariki.

Varkey alipopiga nikamweleza.
Kimya. Mashine. Kisha:
"Watu watasema nimemweka mama yangu chini."
"Chini ya nani?" nikamwuliza.
Salio likaisha, lake au langu, sijui.

Asubuhi yake mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mambo ya kona.
Sukumaran alinung'unika: uzi umekwenda kombo nusu inchi.
Akaukaza upya kumzunguka mbuzi.
Hakuthubutu kumfungua.