Kamba ya Kushoto

Angani ni ndege, Halver, nakukubalia.
Ikishagusa maji ni tanga lisilo na nahodha:
mkia unadaka upepo,
pua inageukia utokako,
utake usitake.

Mimi Agafia, mfunga kamba wa gati hili la Kodiak,
nimeuona ukishuka mlimani bila hodi,
ziwa kioo, kahawa haijapoa,
ukatia bega chini ya bawa
ukaigeuza ndege ya Irvin
kama samaki kikaangoni.
Vielea viwili juu, vyeupe, vimetulia.
Irvin alitoka. Buti lake moja
hatujaliona mpaka leo.

Kwa hiyo usishindane nao.
Zima injini, fungua milango yote miwili,
uache ukusukume kinyumenyume
polepole, mpaka kokoto zikwaruze.
Watakucheka wavuvi wa salmoni.
Wacheke.

Sasa tazama nyasi kule juu:
zimelala zote upande mmoja,
na huku chini hata unyoya hautikisiki.
Unasema dakika tano tu.
Irvin alisema tatu.

Nipe kamba.
Siyo hiyo. Ya kushoto kwanza.