Joto Kidogo

Mwanangu kapiga simu toka Norwe:
"Mama, huko Ahvaz joto?"
Joto! Kana kwamba ni moja.

Alfajiri ni vuguvugu tu,
chai haikubali kupoa sahanini.
Saa nne ni hari: kitasa cha mlango
chang'ata mkono.
Kisha jua la utosi,
na paka wa Bi Khavar
analala ndani ya beseni, kama samaki.
Jioni mto Karun washusha pumzi,
ndilo fukuto hilo;
shuka lakuganda, ulivue wapi?

Usiku, umeme ukikatika,
hatuna neno.
Twapanda paani na magodoro.
Gizani mkono wa jirani
wanipa kipande cha barafu,
hausemi kitu.

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu,
"joto kidogo."