Neno la Kwanza

Keti hapa, Leokadia. Kiti kinayumba, utakizoea.
Hii ndiyo simu ya upepo. Waliotutangulia kazini
waliiita hivyo kabla hujazaliwa,
na hapa Dodoma, mwanangu, upepo hatuagizi.

Kamata. Usiikabe kama mwizi.
Bonyeza. Nyamaza. Hesabu moja moyoni.
Ndipo useme.
Chombo hiki kina njaa: ukiharakisha
kinameza silabi ya kwanza, na hakitemi.

Unacheka. Hata mimi nilicheka, chuoni,
mpaka usiku ule wa Machi Bahi ilipogeuka ziwa,
Mto Bubu ukaacha njia yake ukaingia majarubani,
ukatoka na mpunga, ukatoka na mbuzi,
ukaingia kwenye tembe kwa mlango, ukatoka kwa ukuta.
Minara ya simu ikazima mmoja baada ya mwingine
kama vibatari vya gulioni.
Tukabaki na hiki,
na ripita moja kilimani, betri yake inakata roho.

Konstebo Chipanha alipanda juu ya tangi la maji la shule.
Hapo tu ndipo sauti yake ilinifikia.
Nilimjua kwa pumzi: huvuta hewa kabla ya kusema,
kama mtu anayeonja uji wa moto.

"Dodoma, Dodoma, hapa Bahi Mbili. Ova."
"Bahi Mbili, nakupata. Toa."

Watu kumi na wanne juu ya paa la ghala. Nikaandika.
Boti ya zimamoto imekwama Kigwe, barabara imekatika. Nikaandika.
Mtoto mmoja ametolewa majini, miaka sita,
anaitwa Wendo, muuguzi anamsukuma kifua.
Sikuandika. Niligeuka.
Mama yake ndiye anayetuuzia chai zamu ya usiku.
Alikuwa mlangoni, birika mkononi, na jina amelisikia.

Saa nane na robo. Mkwaruzo. Kisha:
"…kufa."
Kisha mkwaruzo.

Aliliweka birika sakafuni taratibu,
kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.
Hakulia. Alinitazama kalamu.

"Bahi Mbili, rudia. Bahi Mbili, rudia."
Upepo tu, na mabati ya paa letu.

Wagogo husema tembo alididimia hapa, mji ukapata jina.
Usiku ule kilichodidimia ni kipande cha neno,
nami nikakitafuta kwa vidole gizani.
Chipanha ni mtu wa Mundemu, Kiswahili chake kimenyooka.
Asingesema "kufa" tu, bila nafsi, bila wakati.
Angesema amekufa. Angesema amefariki, afande.
Kitenzi hakitoki uchi namna ile, hata kwenye mafuriko.
Kuna kitu kimeliwa mbele.

Lakini utamwambiaje mama? Shika sarufi, uifumbate?
Nikanyamaza. Dakika kumi na moja, nimezihesabu.
Chai ikapoa ndani ya birika.

Halafu pumzi ile. Ya uji wa moto.
Halafu kimya, kimya kizima, akahesabu moja,
mbwa yule, angalau mara hii akahesabu:
"Ha-ku-fa. Narudia. Hakufa. Ametapika maji, anamwita mama yake. Ova."

Tazama kitabu cha matukio, ukurasa huu.
HA nimeikoleza mpaka karatasi imetoboka.
Tazama na mstari wa chini yake:
juu ya ghala walikuwa kumi na wanne, walishuka kumi na watatu.
Hilo nililisikia sawasawa.

Wanasema redio mpya zimefika, ziko stoo kwenye maboksi,
hazikwaruzi, zinaonyesha hata ulipo.
Vizuri. Nitasaini, nitajifunza, nitazichaji.
Lakini mama Wendo akileta chai, bado hasogei mlangoni
mpaka nimalize kusema "ova".

Haya, inaita. Si mimi, ni wewe.
Bonyeza.
Bado.