Milimita Kumi na Nne

Gari la baba limekalia nyonga ya kushoto.
Nimeliona leo, nilipofungua gereji kuhesabu vya kuuza:
ngazi, ndoo, pea mbili za viatu vya theluji,
na lenyewe, jekundu lililopauka likawa rangi ya tofali,
nyuma limezama upande mmoja
kama mtu aliyebeba begi miaka yote kwa bega lile lile.

Alilinunua Graz mwaka wa themanini na moja.
Akaliendesha peke yake, kilo tisini na nne, kila Jumapili,
kupanda na kushuka bonde la Mur,
kiti cha kulia kikabaki kipya mpaka leo.
Chuma nacho hukariri.

Kogler wa jirani kachungulia, mikono mfukoni:
"Mpelekee fundi, Ottilie. Hiyo si ya kukaza nati ukaondoka."
Najua. Humu hamna springi ya kujiviringa.
Kila upande una fimbo moja ya chuma, imelala ndani ya bomba,
inabeba gari kwa kusokotwa tu.
Ncha ya ndani ina meno arobaini,
ya nje arobaini na manne.
Sogeza jino moja kwa ndani, gari linapaa kupita kiasi;
rudisha jino moja kwa nje, linashuka, ila si lote.
Kinachobaki kati ya kwenda na kurudi
ni milimita saba.

Nilipoielewa hesabu hiyo nilicheka, chali juu ya kadibodi.
Ndivyo tulivyopatana mimi na yeye,
kama tulipatana.

Jeki. Vigingi. Nimelitikisa mara tatu
kabla ya kulipa kichwa changu dhamana.
Bolti ya nne imekatika, nikaitukana
kwa matusi yake, sina mengine.
Grisi ya zamani imeganda nyeusi kama jamu ya plamu.
Fimbo nimeivuta kwa vidole, bila bisibisi,
maana mkwaruzo mmoja tu kwenye rangi yake,
mwembamba kama unywele,
ndipo itakapokatikia siku moja, mlimani, usiku.

Meno mawili mbele. Meno mawili nyuma.
Kisha kurudisha kila kitu, na saa tatu za maisha yangu.

Ukilishusha, usilipime papo hapo.
Gari lililotoka hewani husema uongo.
Lisukume hadi mlangoni, lirudishe,
liukumbuke uzito wake.
Na kitini lazima awepo mtu.

Nimemwita mama.
Walpurga, kilo hamsini na nane kama mimi,
ambaye hajawahi kuingia humu hata kwenda kanisani.
Ameshuka na bakuli lake la jozi na kile kinyundo kidogo,
akaketi nyuma ya usukani, akafunga mlango polepole
kama mgeni anayeogopa kuamsha wenye nyumba.

Nimepiga magoti na tepu yangu. Ko, ko, juu yangu, maganda yakipasuka.
"Nikae mpaka lini?"
"Usicheke tu, mama. Ukicheka namba zinahama."
Kimya. Ko.
Halafu, si kwangu hasa:
"Kumbe ukikaa hapa, nyumba haionekani."

Nimeangalia. Kweli.
Kuna ukingo wa paa la Kogler, waya wa umeme, mlima,
na barabara yote.

Kushoto, kutoka kitovu cha gurudumu hadi madigadi: mia tatu themanini na moja.
Kulia: mia tatu themanini na tatu.
Mbili hizo nimeziacha.
Ukutani, chini ya chaki yake, tarakimu zilizoinama kushoto hata zenyewe,
nimeandika zangu, na tarehe.

Mama bado hajashuka.
Ameuliza ufunguo uko wapi.