Mizani ya Mwaloni

Ngazi za kwetu Mabatini ni themanini na tatu.
Nyingine zimechongwa jiweni, nyingine ni matairi,
na moja, ya arobaini, ni ahadi ya mjumbe.
Miaka kumi na sita nimezipanda
na spika ya besi begani, boksi la mninga
zito kama beberu aliyegoma kwenda mnadani.
Mpiga solo hutangulia na gitaa lake mgongoni,
anapiga mluzi. "Jikaze, Luhende!"
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Machi hii kiuno kilisema hapana
palepale kwenye ahadi ya mjumbe.

Basi nikashuka Kirumba, dukani kwa Kisandu,
laki saba ndani ya soksi.
Akanipangia amplifaya tatu juu ya kaunta
kama watoto wa shule siku ya chanjo.
Ya kwanza nyepesi, taa za rangi zinakimbizana;
nikagusa uzi wa nne, ikakohoa.
Ya pili inchi kumi, kifua kipana,
lakini inataka umeme wa ukutani,
na umeme wa ukutani tunamjua:
mgeni wa harusi, akishakula haonekani.
Ya tatu ya kijivu, inchi nane, betri tumboni,
imekwaruzwa pembeni.
"Hiyo ilirudishwa na mchungaji," Kisandu akasema.
"Anadai haina kelele."

Nikamwambia azime redio.
Na feni.
Nikavua kiatu cha kulia, nikakanyaga saruji,
nikapiga noti moja, ya chini kabisa,
taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.
Besi husikiwa na unyayo kwanza.
Sikio hupewa taarifa baadaye.

"Naomba nitembee nayo."
"Wapi?"
"Mwaloni, kisha nirudi."
Akachukua kitambulisho changu,
akachukua na kile kiatu,
akamtuma Bwire, mtoto wa dada yake, anifuate
nisije nikapanda kivuko nikaibukia Sengerema.
"Kizuri chajiuza!" akanipigia ukelele mgongoni.
"Kibaya chajitembeza!"
Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu.
Hatua themanini na tatu, mkono wa kushoto.
Themanini na tatu, mkono wa kulia.
Mguu mmoja una kiatu, mmoja unaonja kokoto,
na kiuno, yule mnung'unikaji, kimya.

Mwaloni Nyanjige alikuwa anapima dagaa.
Nikageuza kreti la soda, nikaketi,
nikachomeka waya, nikaipiga noti ileile.
Mshale wa mizani ukatetemeka.
Dagaa wa juu wakaanza kuteleza,
mmoja mmoja, kama waliokumbuka kitu ziwani.

"Wewe! Unaniongezea kilo!"
"Hapana, anazipunguza," akasema mteja wa Kahama,
akishika pochi yake.
Wakaanza kubishana, na mimi sikuacha,
maana hiyo ndiyo kazi ya mpiga besi:
watu hubishana juu yake bila kumtazama.
Bwire alilaza kiganja kwenye sinia la mizani.
Kakaa hivyo kitambo.
"Iko huku," akasema. "Imehamia huku."

Laki sita na ishirini.
Kisandu hakunipunguzia hata mia,
ila kiatu alinirudishia.

Pesa ya kava ikawa haipo.
Kabula ameishonea kiroba cha mchele,
na ubavuni bado panasomeka: Kilo 25.
Mpiga solo ameyasoma maandishi hayo,
sasa anakaa mbali nami tukifika kwenye ngazi.
Sijamsahihisha.
Niliipima kwa Nyanjige:
kilo sita na robo,
ukiwahesabu na dagaa watatu
walioingia kwenye tundu la nyuma.