Boliti ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Ndani ya tumbo la Harriet watu wawili hawatoshi,
nasi tumo wawili:
mimi na magoti yangu yanayolia kama bawaba,
Saima na taa yake kichwani.
Tumeingia kwa mlango wa makaa, kichwa mbele,
kama watoto waliogoma kuzaliwa, wakarudi.

Nje ni Februari, Lancashire. Mvua ya siku ya tisa
inapiga bati la karakana.
Naambiwa inapiga.

Kuta za shaba zimetuzunguka,
na kutani, safu kwa safu, vichwa vya boliti,
elfu na ushei, kila kimoja na namba yake ya chaki.
Hizi ndizo zishikazo moto huku, maji kule,
visikutane kwa hasira.
Ikikatika moja, jirani zake hubeba mzigo wake.
Zikikatika tano pamoja,
lakini humu hatumalizi sentensi hiyo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unagonga.
Boliti nzima hujibu *nge*, kama sarafu mezani.
Iliyokatika hujibu *du*,
kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
Miaka arobaini na minne nimeishi
kati ya nge na du.

Husemwa sikio halilali na njaa.
Langu linafunga mwaka wa tatu sasa,
wala halijui mwezi utaandama lini.

Sikumwambia mkaguzi. Sikumwambia Entwistle,
anayehesabu tiketi za safari ya Mei,
mabehewa kumi na moja, chai na keki, hadi Carlisle na kurudi,
naye huamini kwamba cheti cha boila ni mimi.
Nilimwambia binti huyu wa Accrington,
masizi puani, spana mfukoni,
ambaye babu yake alikuja kufuma pamba zamu ya usiku
katika kiwanda ambacho leo huuza mazulia.
Hakusema pole.
Alisema, akiuelekeza mdomo kwenye taa niusome:
"Basi wewe gonga. Mimi nisikilize."

Nikagonga.
Mia mbili na tisa: kidole gumba juu.
Mia mbili na kumi: juu.
Na moja: juu.
Na mbili: akaniashiria nirudie.
Nikarudia. Mkono wangu uliapa ni nzima.
Akatikisa kichwa.
Tukabishana, mimi kwa sauti nisiyoisikia,
yeye kwa chaki: akaizungushia duara, akalikoleza.

Ilichukua siku mbili kuitoboa.
Ikatoka vipande viwili,
ufa wake mweusi, mkongwe, umeshazoea kukaa pale.
Kipande kimoja nimekitia mfukoni. Kingine alichukua yeye.

Mei ikafika.
Makaa ya Wales hayapatikani tena; haya yamekuja kwa meli,
yanawaka kwa kinyongo.
Matangi ya maji ya njiani yaling'olewa zamani,
tunanyweshwa na lori la zimamoto, kwa stakabadhi.
Chini ya kiti cha dereva kuna kasha la kompyuta
lenye mamlaka ya kufunga breki bila kuuliza.
Na nyuma kabisa imefungwa dizeli, kwa dharura,
kama mkwe aliyekuja harusini kuona nini kitaharibika.

Sikupanda. Niliegemea ukuta wa mawe mlimani,
pale reli inapoinama kama mtu anayetafuta ufunguo.
Kondoo waliinua vichwa kabla yangu.
Kisha miguu ikapata habari, kupitia udongo.
Kisha akatokea, Harriet, mzigo wote mgongoni,
moshi umelala nyuma kwa upepo,
na juu ya boila ukachomoka mvuke mwembamba, mweupe,
ukasimama kitambo, ukakatika.
Nikaiona honi.

Katika behewa la mafundi mkono ulitoka dirishani,
jambo lililokatazwa.
Kidole gumba, juu.

Jumatatu tunaingia upande wa kushoto,
boliti mia tatu na kumi na nane.
Nimemwambia Saima aje na chaki. Yangu imelowa.